Nambari Mgongoni: Jinsi ya Kuboresha Utambuzi wa Washindani katika Mbio za Baiskeli za Ridhaa

Mbio za baiskeli za ridhaa, yaani zile zinazowashirikisha waendeshaji wasiolipwa mshahara kwa mchezo huo, haziamuliwi na nguvu za miguu peke yake, bali pia na uwezo wa waamuzi wa kuthibitisha kwamba aliyevuka mstari wa kumalizia ndiye aliyeandikishwa asubuhi, na kwamba amepita njia yote iliyowekwa. Kazi hiyo ndiyo utambuzi wa washindani, na ingawa wengi huidhania kuwa suala la mitambo ya bei ghali, msingi wake ni meza ya uandikishaji na kipande cha karatasi kilichobandikwa mahali panapostahili.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana wazi mashariki mwa Mlima Kenya. Anayeendesha baiskeli kutoka mtaa wa Majengo mjini Embu hadi mtaa wa Majengo mjini Meru, kupitia Chuka na Nkubu, huvuka mito iteremkayo mlimani, ikiwemo Thuci, Nithi na Mutonga, na kila bonde humpa mteremko mkali unaofuatwa na mwinuko. Kundi hutawanyika kwenye mwinuko na kuungana tena mbele, hivyo mpangilio ulioonekana Chuka hauwezi kutegemewa Nkubu. Isitoshe, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huzirushia nambari tope jekundu, huku baridi ikimlazimu mwendeshaji kuvaa koti linaloifunika nambari yenyewe.

Hatua ya kwanza, basi, ni nambari inayosomeka. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, zinataka tarakimu za nambari ya mwilini ziwe na kimo cha sentimita 10, na kipimo hicho kinaweza kufuatwa na mwandalizi yeyote mwenye printa. Nambari hubandikwa chini ya mgongo, karibu na nyonga, kwa sababu mwendeshaji anapoinama sehemu ya juu ya mgongo huelekea angani na mwamuzi aliye kando ya barabara haioni. Pini nne za pembeni huizuia isipeperushwe na upepo, mstari chini ya 6 na 9 huondoa utata, na nambari ya pili kwenye fremu au mbele ya helmeti hubaki kuonekana hata koti likivaliwa. Pale ambapo baiskeli za gia na zile nzito za chuma zisizo na gia, maarufu kwa jina la black mamba, hushindana siku moja katika vitengo tofauti, rangi ya nambari humwonyesha mwamuzi kitengo cha mshindani kabla hajasoma tarakimu.

Hatua ya pili ni sajili. Nambari hukabidhiwa mtu mwenyewe baada ya kitambulisho chake kukaguliwa, haiazimwi wala kubadilishwa, na anayejitoa njiani huirudisha kwa waamuzi ili asije akatafutwa mabondeni usiku ilhali amekwisha kufika nyumbani. Nyuma ya karatasi ya nambari huandikwa simu ya jamaa wa karibu, kwa ajili ya ajali. Kwa kuwa hizo ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawataka waandalizi wazitumie kwa lengo lililotajwa tu, na wapate idhini ya mzazi au mlezi mshindani akiwa mtoto.

Hatua ya tatu ni mstari wa kumalizia. Baiskeli inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata takriban mita 11 kwa sekunde moja, hivyo mwamuzi mmoja hawezi kusoma, kuandika na kutazama saa kwa pamoja. Inafaa mmoja ataje nambari kwa sauti, wa pili aandike mfuatano, na wa tatu arekodi video kwa simu iliyosimamishwa sambamba kabisa na mstari, kwani pembe ikipotoka aliye karibu na kamera huonekana ametangulia. Kwa kasi hiyo, simu inayonasa picha 30 kwa sekunde huacha pengo la sentimita 37 kati ya picha na picha, lakini ile inayonasa picha 240 hulipunguza hadi chini ya sentimita 5. Hilo latosha kumaliza ubishi mwingi, ijapokuwa si wote: katika Tour de France ya mwaka 2017, huko Nuits-Saint-Georges, Marcel Kittel alimshinda Edvald Boasson Hagen kwa milimita 6, tofauti iliyohitaji kamera maalumu ya mstari wa mwisho.

Ndipo hufuata chipu, kifaa kidogo kinachojibu mawimbi ya redio kutoka kwa antena iliyotandazwa barabarani. Chipu husaidia sana kundi likiwa kubwa, lakini nyingi zisizo na betri husomeka vibaya zikigusana na mwili wenye jasho au chuma, na hata ile isiyokosea hutambua kifaa, si aliyekibeba. Kwa sababu hiyo, klabu yenye fedha chache itafaidika zaidi ikitanguliza sajili safi, nambari kubwa na simu moja mstarini, kisha ikabandika matokeo ya awali na kutoa muda wa pingamizi kabla ya zawadi kutolewa.