Hita ya Umeme Katika Banda la Gari



Mvua za vuli mara nyingi hutukuta karafuu zingali majamvini, na wengi wetu hukimbilia kuzitia katika banda la gari. Baadhi ya wenzetu wametuuliza kama yafaa kuweka hita ya umeme humo ili karafuu zilizokwisha kukauka zisirudi unyevu. Jawabu letu ni kuwa yafaa, lakini si kwa waya wa taa.

Kwanza tufahamu kazi ya hita. Haishiki mahali pa jua. Karafuu mbichi zianikwe kama tulivyozoea, kwani zikirundikwa na maji yake hugeuka mpeta, na bei yake huanguka. Hita hukausha hewa ya banda tu. Nalo banda liwe na tundu la juu la kutolea mvuke; likifungwa kabisa, unyevu hubaki mle mle.

Sasa hesabu, nayo ni nyepesi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye hita, uzigawe kwa volti 230 za nyumbani. Hita ya wati 3,000 huvuta ampia 13. Balbu ya wati 10 haifiki hata sehemu ya ishirini ya ampia moja. Basi waya uliovutwa kwa ajili ya taa ukitwishwa hita hupata moto ndani ya ukuta, ngozi yake huyeyuka, na mwenye nyumba hajui mpaka aone moshi. Waya wa kuunganishia uliozungushwa kwenye gurudumu lake ni hatari vile vile, maana joto lake halina pa kutokea.

Kwa hiyo, fundi mwenye leseni aombwe kufanya haya:

1. Avute njia ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu mpaka bandani, kwa waya wa shaba usiopungua milimita 2.5 za mraba. Banda likiwa mbali, waya uwe mnene zaidi.

2. Njia hiyo iwe na swichi ya kujikata yenyewe, ya ampia 16, pamoja na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30.

3. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, ufungwe barabara. Sakafu ya banda huwa na maji, na mguu mtupu ni njia ya umeme.

4. Plagi na hita ziinuliwe nusu mita au zaidi kutoka chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche moja yatosha.

Gari na madebe ya petroli yatolewe nje kabla hita haijawashwa. Magunia yawe mbali nayo mita moja kila upande, wala isiachwe ikiwaka usiku watu wamelala.

Gharama nayo ipimwe. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 10 hula yuniti 20. Zidisha kwa bei unayolipa, kisha ulinganishe na thamani ya karafuu zilizomo.

Ndugu zetu, fundi hulipwa mara moja. Banda likiungua, huondoka na mavuno ya msimu mzima, na pengine na mtu. Tahadhari kabla ya athari.