Upepo wa Dubai Una Maji Ndani

Majirani zangu wa Al Rashidiya wamezoea kusikia kompresa ikinguruma baada ya Isha. Mchana wa Agosti joto hupita nyuzi 40, na gereji ya nyumba haina kiyoyozi. Kwa hiyo masanduku yangu ya Kizanzibari, yale ya misumari ya shaba, nayapiga msasa na vanishi usiku. Tatizo ni kwamba usiku ndipo unyevu wa Ghuba unapopanda. Ukitoka nje kwenye kiyoyozi, miwani inazibwa na ukungu hata mlango hujaufunga.

Hewa hiyo hiyo ndiyo kompresa inayoivuta. Tuifanyie hesabu. Usiku wa nyuzi 32 wenye unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 27 hivi za mvuke. Ibane hadi PSI 120, ujazo wake unabaki kama sehemu moja kwa tisa, na ikishapoa inaweza kushika gramu nne tu. Zilizobaki zinakuwa maji. Kompresa ya lita 200 kwa dakika itakutolea zaidi ya robo lita ya maji kila saa. Yasipopata pa kutokea, yatafika kwenye bunduki ya rangi, na vanishi itafanya madoa meupe na vijitundu. Ndiyo maana anayetandaza mabomba ya upepo mji huu aanze kwa kujiuliza maji yatapita wapi.

Kompresa yangu iko nje, upande wa kaskazini, chini ya kivuli. Kutoka kwenye tangi nimeweka kwanza kipande cha mpira wa upepo, ili mtikisiko wa mota usilegeze viungo. Bomba kuu linafuata ukuta likiteremka sentimita moja kila mita, hadi mwisho wake wenye koki ya kutolea maji. Pale ninapotaka upepo ushuke kwenye meza, tawi halianzii chini ya bomba kuu. Linatokea juu yake, linapinda, ndipo linashuka: maji hukimbilia chini ya bomba, upepo unachotwa juu. Tawi nalo linapita chini ya sehemu ya kuchomekea mpira, likaishia na koki yake, ili yanayoponyoka yadakwe hapo.

Wengi hufunga chujio palepale kwenye kompresa. Hapo upepo ungali moto, maji bado ni mvuke, na mvuke hupita kwenye chujio la kawaida bila wasiwasi, ukaja kugeuka maji mbele ya safari. Chujio langu liko mwisho kabisa, karibu na meza, baada ya upepo kupoa kwenye mita kadhaa za bomba la shaba.

Kuhusu aina ya bomba, kwenye maduka ya Naif, Deira, utaonyeshwa PVC nyeupe iliyopigwa chapa ya presha kubwa, kwa bei ya kuvutia. Chapa ile ni ya maji baridi. Majedwali ya Marekani huihesabu PVC ya nyuzi 43 kuwa na nusu tu ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye nyuzi 23. Kwenye nyuzi 60 haifiki hata robo. Tena maji hayabanwi, kwa hiyo bomba la maji likipasuka presha huisha mara moja. Upepo uliobanwa hutanuka kwa ghafla na kurusha vipande vyenye makali. OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1988. Shaba ya milimita 22 ni ghali zaidi, lakini haivunjiki hivyo, na hupoza upepo vizuri. Chuma cha mabati pia kinafaa, ila ni kizito na baada ya muda hutoa kutu ndani. Bomba la plastiki lichukue pale tu mtengenezaji alipoandika kwamba ni la upepo, kwa joto la kwako.

Ukimaliza kuunganisha, jaza presha kidogo kidogo, paka povu la sabuni kila kiungo, na usiiguse vali ya usalama ya tangi kwa nia ya kuiongezea presha. Kila jioni ya kazi fungua koki ya chini ya tangi: maji yaliyolala humo hula chuma kwa ndani, mahali usipopaona.

Anayejaza matairi tu hahitaji yote haya. Mpira mmoja na koki ya tangi vinamtosha. Lakini wapo wanaonunua kompresa kwenye soko la Dragon Mart hapa Dubai na kuzisafirisha Mombasa, Tanga au Unguja kwa kazi ya kupuliza rangi. Pwani hizo zina unyevu kama wetu, kwa hiyo bajeti ya mabomba, koki na chujio ipangwe siku ileile ya kununua mashine.