Ajali Ina Kinga

Kwenye daladala za Buhongwa zinazopita Mkolani kwenda mjini Mwanza, habari ya ajali ikitangazwa redioni abiria hugawanyika upesi. Wapo wanaosema siku yao ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Wapo wanaosema dereva alikuwa akienda mbio, hayo ya Mungu yaachwe kanisani na msikitini. Vituo viwili vitatu mbele, ubishi umekuwa wa dini na sayansi, na ajali yenyewe imesahaulika.

Mimi ni muumini, na taaluma yangu ni usalama wa usafiri. Naona pande hizo mbili zinakosea jambo lile lile. Zote zinadhani kwamba sababu ya ajali ikishajulikana Mungu hana nafasi tena, na kwamba Mungu akishatajwa hakuna haja ya kutafuta sababu. Dhana hiyo imeua watu wengi katika ziwa letu, Victoria.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilikuwa imekusudiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo tunasema mamia walikufa, wengine wanasema zaidi ya 800, wengine wanakaribia 1,000, na hakuna awezaye kuthibitisha. Wengi wamelala katika makaburi ya pamoja pale Igoma. Msibani, kusema Mungu amependa ni faraja ya haki, na sijawahi kumpinga mfiwa kwa neno hilo. Lakini meli haikupinduka kwa fumbo. Ilipinduka kwa namna ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa.

Chombo chochote majini kinashikwa na nguvu mbili. Uzito wake wote, pamoja na watu na shehena, unavuta kwenda chini kupitia mahali tunapopaita kitovu cha uzito. Maji nayo yanasukuma kwenda juu kupitia kitovu kingine, kilicho katikati ya ile sehemu ya chombo iliyo chini ya maji. Meli ikiinama kulia, upande wa kulia unazama zaidi, na kitovu cha msukumo wa maji kinahamia huko. Maji yanasukuma juu upande wa kulia, uzito unavuta chini karibu na katikati, na meli inarudi wima. Kwa sababu hiyo meli hupigwa na mawimbi usiku kucha isipinduke. Yote hayo yanategemea kitovu cha uzito kikae chini. Kila mkungu wa ndizi uliopakiwa sitaha ya juu na kila abiria aliyepanda juu kutafuta nafasi anakiinua. Kikiinuka kupita kiasi, meli ikiinama kidogo tu uzito nao unaelemea upande ule ule, na maji hayawezi tena kuirudisha. Aliyewahi kusimama ghafla ndani ya mtumbwi analijua jambo hili bila kufundishwa.

Kuna somo la pili la MV Bukoba, na ni chungu zaidi. Ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu hai. Waokoaji, kwa huruma na haraka, walitoboa tundu kwenye kitako cha meli ili kuwatoa. Kilichokuwa kinaifanya ile meli ielee ni hewa iliyonaswa ndani, iliyobanwa na maji kutoka chini. Tundu lilipopatikana hewa ilitoka kwa nguvu, maji yakapanda kujaza nafasi yake, na meli ikashuka na waliokuwamo. Nia njema ya wale waokoaji haina shaka. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba meli kama hiyo hushikiliwa kwanza kwa maboya au winchi, kisha wazamiaji huingia kwa chini.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara kutoka Bugorora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220, waliookolewa 41. Kati ya waliookolewa alikuwamo fundi mitambo aliyetolewa na wazamiaji siku ya tatu, akiwa amebaki kwenye hewa iliyonaswa ndani ya kivuko. Makanisani tulimshukuru Mungu kwa muujiza ule, na tulifanya vyema. Mhandisi anayejua habari ya tundu la 1996 ana sababu mbili za kushukuru: mtu amepona, na hewa iliyomshikilia haikutolewa.

Baada ya msiba ule wengi waliwalaumu abiria: kwa nini wanapanda chombo kilichojaa? Lawama hiyo naikataa. Mtu wa usafiri akitazama kivuko kilichofurika, kitu cha kwanza anachokiangalia ni ratiba. Siku hiyo ilikuwa ya gulio Bugorora. Mama mwenye gunia la mahindi na mtoto mgongoni, anayejua kwamba akikikosa kivuko hiki atalala ufukweni, atapanda, na mimi na wewe tungepanda. Safari zikiwa chache, watu hujirundika katika kila moja. Vivuko vidogo viwili vinavyopishana mara kwa mara vina usalama kuliko kikubwa kimoja kinachokwenda na kurudi kwa saa nyingi, hata kama jumla ya viti ni ile ile. Umaskini wa usafiri ndio unaomfanya mtu amwachie Mungu kila kitu, kwa kuwa hajaachiwa uamuzi mwingine wowote.

Tunajua kwamba mambo hubadilika. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Palipokuwa na foleni ndefu za kusubiri kivuko, sasa gari linavuka kwa dakika chache. Lakini hakuna daraja litakalofika visiwa vya Ukara wala Maisome hivi karibuni. Huko chombo cha majini kitabaki kuwa barabara, na hesabu ya abiria itabaki kuwa kinga ya kwanza.

Hapo ndipo nataka kuzungumza na waumini wenzangu, kwa sababu vitabu vyetu viko upande wa hesabu. Soma Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo anapelekwa Italia katika meli ya ngano. Anaonya kwamba majira ya kusafiri yamepita, akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli, na dhoruba inawashika. Wanatupa shehena ili kupunguza uzito. Paulo ameshaahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Hata hivyo, mabaharia wanapojaribu kutoroka kwa mashua, anamwambia akida kwamba hawa wakiondoka ninyi hamtaokoka. Ahadi ya Mungu ilikuwapo, na mabaharia walihitajika. Katika sura hiyo hiyo mwandishi anataja idadi ya waliokuwamo melini: watu 276. Meli ya karne ya kwanza ilikuwa na hesabu kamili ya watu wake, na yetu ya 1996 haikuwa nayo.

Nuhu naye, anayeheshimiwa kanisani na msikitini, hakuokolewa kwa kutembea juu ya maji. Kurani inasema alibebwa katika chombo cha mbao na misumari. Mwanzo inatoa hadi vipimo: dhiraa 300 kwa 50 kwa 30. Na Mtume Muhammad anasimuliwa kumwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Anayesema kuvaa jaketi okozi ni upungufu wa imani hajayapata hayo kwa mitume wala kwa manabii.

Na wenzangu wa taaluma nao niwaambie. Njiani kuna mahali ambapo ajali hazikomi, na watu husema pale pana jini anayetaka damu. Vijana waliosoma hucheka. Wasicheke. Wenyeji wamekwishatufanyia nusu ya kazi: wamegundua kwamba ajali hazitawanyiki ovyo, zinarudi mahali pale pale. Kazi iliyobaki ni kwenda kupima. Zinatokea usiku au mchana, wakati wa mvua au kiangazi? Dereva anayeshuka mteremko anamwona mvuka njia akiwa umbali gani? Anayekwenda dukani au msikitini anavukia wapi? Kwenye barabara kama hii yetu ya Mkolani, yenye malori ya masafa, daladala, bodaboda na wanafunzi kwa pamoja, mwendo ndio neno la mwisho. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 70, mwendo umeongezeka kwa chini ya nusu, lakini nguvu ya kugonga imekaribia kuwa mara mbili. Tuta na kivuko cha waenda kwa miguu mahali sahihi huondoa lile jini.

Nina hoja moja zaidi kwa anayeamini kwamba kila kifo cha barabarani ni siku iliyofika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Je, Mungu amewapangia maskini siku fupi zaidi barabarani? Bunge la Uswidi mwaka 1997 lilikubali sera ya kwamba kifo cha barabarani hakikubaliki, likaelekeza barabara zijengwe kwa kukumbuka kwamba binadamu hukosea. Vifo vikapungua sana. Waswidi hawakupendwa na Mungu kuliko sisi. Walijenga.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kuona imani na uhandisi vikikaa pamoja. Alexander Mackay, mmisionari wa misheni ya Kianglikana aliyekuwa mhandisi wa mitambo, mwaka 1877 aliongoza kazi ya kufungua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka uliofuata alifika Kageye, katika mkoa wetu huu, akatengeneza mashua ya misheni iliyokuwa imeharibika. Alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Na leo jirani na Mkolani, pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mali ya maaskofu Wakatoliki, kinafundisha uhandisi wa ujenzi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, mapadri, masheikh na wahubiri wanaoombea safari katika stendi ya Nyegezi na kwenye magati ya ziwa. Endeleeni kuomba, abiria wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Lakini kabla ya kusema amina, ulizeni kwa sauti kila mtu asikie: walioandikwa ni wangapi, chombo kimeruhusiwa wangapi, na majaketi yako wapi. Asiyeweza kuwajibu asiruhusiwe kuondoka.