TEKNOLOJIA: Kabla ya nembo ya kampuni kuonekana kwenye barua-pepe

WATUMIAJI wa Gmail, Yahoo na simu za iPhone yamkini wameona kwamba barua-pepe za baadhi ya kampuni huja na nembo rasmi kando ya jina la mtumaji, ilhali za kampuni nyingine huja na herufi tupu ndani ya kiduara. Tofauti hiyo aghalabu hutokana na utaratibu uitwao BIMI, ambao Google iliuruhusu katika Gmail mnamo Julai 2021. Apple ilifuata Septemba 2022 ilipotoa mfumo wa iOS 16.

Mameneja wa mauzo huupenda utaratibu huu kwa sababu ya urembo wake. Humwita fundi wa tarakilishi, humkabidhi picha ya nembo na kumtaka aiweke kabla ya Ijumaa. Fundi mwenye uzoefu huanza na swali jingine kabisa: je, kikoa chenyewe kiko tayari?

Kikoa ni lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani, na aghalabu hapa Kenya huishia kwa .co.ke au .com. Itifaki ya kusafirisha barua-pepe, SMTP, ilichapishwa mwaka 1982, enzi ambayo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache, na haikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Kwa sababu hiyo tapeli aliye na seva yake anaweza kuandika jina la benki fulani kama mtumaji, sawa na mtu anayeandika anwani ya uongo nyuma ya bahasha. Iwapo benki hiyo haijakilinda kikoa chake, barua ya aina hiyo huweza kumfikia mteja kana kwamba imetoka kwenye makao makuu.

Kinga zilizobuniwa baadaye ni tatu. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa niaba ya kikoa. DKIM ni saini ya kidijitali ambayo hubandikwa kwenye kila barua. DMARC huhakikisha kwamba jina analoliona msomaji ndilo lililothibitishwa na SPF au DKIM, kisha humwambia mpokeaji afanye nini barua inapofeli. Zote huandikwa katika DNS, lile daftari la majina ya mtandao ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Kwa hivyo ukaguzi wa mwanzo hauhitaji gharama. Katika tarakilishi ya Windows, amri ya nslookup ikiulizwa maandishi yaliyo chini ya _dmarc, ikifuatiwa na nukta na jina la kikoa, huleta jibu kwa sekunde chache. Njia nyingine ni kutuma barua kutoka kampuni hadi kwa akaunti ya Gmail, kuifungua kwa tarakilishi na kutazama ujumbe asilia. Humo hutajwa waziwazi kama SPF, DKIM na DMARC zimefaulu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Sera ya DMARC ina ngazi tatu: none, ambayo hutazama tu, quarantine, ambayo hupeleka barua bandia kwenye sanduku la taka, na reject, ambayo huikataa kabisa. Tangu Februari 2024 Gmail huwataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa akaunti zake wawe na DMARC, lakini hukubali hata none. Kampuni nyingi zilitimiza sharti hilo zikaishia hapo. BIMI haikubali none. Hutaka quarantine kwa asilimia 100 ya barua, au reject.

Kuhamia ngazi hizo kwa pupa kuna hatari yake. Barua za kampuni hazitoki mahali pamoja. Ankara hutumwa na programu ya uhasibu, hati za mishahara na mtoa huduma mwingine, matangazo na kampuni ya mauzo, na pengine kuna mashine ya kunakili kwenye orofa ya tatu inayotuma nyaraka tangu mkuu wa idara aliyestaafu. Asiyetambuliwa kati ya hao atakataliwa pamoja na matapeli, na mteja atadaiwa ankara ambayo hakuipokea.

Dawa ni ripoti za DMARC, ambazo wapokeaji wakuu kama Google hutuma kwa kawaida kila siku kwa anwani iliyotajwa katika sera. Huonyesha kila seva inayotumia jina la kikoa. Kazi ya kuzisoma inachosha na huweza kuchukua wiki kadhaa, lakini hakuna njia ya mkato. SPF nayo ina kikomo: orodha isimlazimishe mpokeaji kuuliza DNS zaidi ya mara 10. Anayeongeza kila mtoa huduma bila kuwaondoa wa zamani huivunja bila kujua.

Kutegemea SPF pekee pia si salama. Mwaka 2023, mwezi mmoja hivi baada ya Gmail kuanza kuweka tiki ya buluu kando ya watumaji waliothibitishwa, barua ya kitapeli ilionekana ikiwa na nembo ya kampuni ya usafirishaji ya UPS pamoja na tiki hiyo. Baada ya tukio hilo Google ilitangaza kwamba anayetaka nembo ionekane lazima atumie DKIM.

Nembo yenyewe haisumbui sana. Huhifadhiwa kama faili ya SVG ya aina iitwayo Tiny PS, yenye umbo la mraba, na kiungo chake huandikwa chini ya default._bimi katika DNS. Gharama iko kwenye cheti. Gmail hudai VMC, kinachohitaji nembo iliyosajiliwa kisheria, au CMC, kilichokubaliwa tangu 2024 kwa nembo iliyotumika hadharani kwa angalau miezi 12; lakini CMC haileti tiki ya buluu. Si kila ofisi ya usajili duniani inayotambuliwa kwa VMC, hivyo kampuni iliyosajili nembo Nairobi pekee yafaa iulize kabla ya kulipa. Yahoo haidai cheti, ila huangalia sifa za mtumaji, na hata masharti yote yakitimizwa, uamuzi wa kuonyesha nembo husalia mikononi mwa mwenye sanduku la barua.