Kusikiliza Kwanza, Shairi Baadaye: Simulizi za Wahudumu wa Afya

Ushairi wa kusikiliza ni njia ya kuhifadhi simulizi za watu. Mmoja husimulia, mwingine humsikiliza bila kumkatiza, kisha msikilizaji hutunga shairi fupi kutokana na aliyoyasikia na kumkabidhi mwenye simulizi. Hospitalini, njia hii huwalenga wauguzi, wakunga, madaktari, wafamasia, wafanya usafi na wahudumu wa mochwari. Kazi yao huwakutanisha na uzazi, maumivu na vifo, lakini mafaili wanayoyajaza hayana mstari wa kuandika yaliyowapata wao.

Uhitaji wake ni mkubwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu mkali wa kazi katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Uchovu huo haukuhesabiwa kuwa ugonjwa, bali hali inayozaliwa na mazingira ya kazi, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo, na kujiona huna tija. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki kwa UVIKO-19 tangu Januari 2020 hadi Mei 2021. Wenzao waliobaki walilazimika kuendelea na zamu hata kabla ya matanga kwisha.

Msingi wa kitaaluma wa njia hii ulijengwa zaidi Marekani. Rita Charon, daktari ambaye pia ana shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza, alianzisha programu ya tiba simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 2000. Hoja yake ni kwamba tabibu aliyefunzwa kufuatilia hadithi kwa makini humwelewa mgonjwa vizuri zaidi, na akiandika yaliyompata yeye mwenyewe hujielewa pia. Kabla ya hapo, mwaka 1992, mwanasosholojia Laurel Richardson alikuwa ameonyesha jinsi mahojiano marefu ya mtu mmoja yanavyoweza kugeuzwa shairi kwa kutumia maneno ya msimulizi huyo tu. Leo shirika la The Good Listening Project la nchini humo lina washairi wasikilizaji wanaokaa na wahudumu na wagonjwa, mmoja mmoja, na kumtungia kila mtu shairi lake.

Kikao huhitaji mahali pa faragha, mbali na wodi, na muda usiovamiwa na simu. Msikilizaji hufungua kwa swali moja pana, kwa mfano: ni jambo gani la kazini ambalo bado unalala nalo? Baada ya hapo hatoi ushauri, hakimbilii kumpa pole, wala haleti kisa chake. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulibaini kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa, kwa wastani, sekunde 18 tu baada ya wagonjwa kuanza kujieleza. Aliyezoea kasi hiyo husimulia kana kwamba anakabidhi zamu: umri wa mgonjwa, ugonjwa, dawa alizopewa. Msikilizaji akivumilia kimya kinachofuata, ripoti hukoma na simulizi huanza.

Wakati huo msikilizaji hunakili maneno yenyewe badala ya muhtasari. Tuseme muuguzi anaeleza hivi: “Zamu ilikuwa imeshaisha, nilikuwa nishakabidhi, naenda zangu kituoni. Sasa kile kikaratasi cha jina tunachobandika kabla ya mwili kwenda mochwari, nikakumbuka wameandika Asha. Na yeye ni Aisha, aliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Nikarudi. Nikakibandua, nikaandika upya. Basi la mwisho likanipita.” Shairi linaweza kuwa hivi:

Zamu ilikuwa imeshaisha,
nilikuwa nishakabidhi.
Wameandika Asha.
Na yeye ni Aisha,
aliniambia mwenyewe
siku ya kwanza.
Nikarudi.
Nikaandika upya.

Hakuna neno lililoongezwa. Mtunzi amepunguza, akapanga, na akalipa neno “nikarudi” mshororo wake peke yake, kwa sababu ndiko uzito wa tukio uliko. Angeandika “huruma” au “utu”, angekuwa amemsemea muuguzi jambo ambalo muuguzi amelitenda bila kulitaja.

Kwa mtunzi wa Kiswahili hapa pana uamuzi wa umbo. Utungo wa arudhi, kwa kanuni zilizofafanuliwa na Amri Abeid katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), hudai vina na mizani, na ili vina vitimie maneno ya msimulizi huenda yakabadilishwa. Shairi huru, lililopata nguvu kwa *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi (1974), huruhusu usemi wa msimulizi ubaki kama ulivyotoka. Hata hivyo arudhi ina faida yake: hukaririka na huimbika, hivyo huufaa utungo wa kusomwa mbele ya kundi. Kinachofaa ni kumuuliza mwenye simulizi analitaka shairi lake kwa matumizi gani.

Maadili ya kazi hii yana ngazi mbili. Ya kwanza ni haki ya msimulizi: yeye ndiye wa kwanza kusomewa, anaweza kusahihisha au kukataa, na shairi halitoki mikononi mwake bila ridhaa. Ya pili ni siri ya mgonjwa, ambayo haimalizwi na kifo. Jina, tarehe, wodi na ugonjwa hubadilishwa au huondolewa; katika mfano uliotangulia, jozi nyingine yoyote ya majina yanayokaribiana ingetosha.

Shairi lililoridhiwa linaweza kusomwa mwanzoni mwa kikao cha watumishi, kutumika kufundishia wanafunzi wa uuguzi na udaktari, au kubandikwa mahali ambapo ndugu wa wagonjwa wataliona. Lakini mipaka yake lazima ijulikane. Kurejea tukio chungu kunaweza kumzidishia mtu majonzi kwa muda, kwa hiyo mshairi anapaswa kujua mapema mshauri nasaha wa kumwelekeza anayezidiwa. Vilevile shairi haliongezi wauguzi wodini wala halifupishi zamu. Uongozi unaoyasoma mashairi haya una wajibu wa kuyachukua kama ushahidi wa hali ya kazi, na kurekebisha yale ambayo yamo katika uwezo wake.