Kupwa na Kujaa kwa Maji: Hesabu ya Bahari Iwezayo Kufanyika Lusu

Lusu, katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, iko umbali wa zaidi ya kilometa 600 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, watu wa Unyamwezi walikuwa na habari za bahari tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari iliyochukua miezi mitatu hivi. Walipofika pwani, mizigo yao iliingia chini ya amri nyingine, yaani amri ya maji. Ufuo wa Bagamoyo hauna kina kirefu. Jahazi lilipakiwa likiwa limekaa mchangani wakati maji yamepwa, nalo liliondoka maji yalipojaa. Nahodha aliyejua saa ya maji alipanga safari, asiyeijua alingoja.

Kipimo cha nahodha kilikuwa mwezi. Alijua kuwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Na ukiwa nusu, huwa maji mafu. Maarifa hayo ni sahihi, lakini hayatoshi kumwambia mtu maji yatakuwa na kimo cha sentimeta ngapi katika saa fulani ya siku fulani ya mwaka ujao. Swali hilo hujibiwa kwa hisabati. Siku hizi hisabati hiyo imo katika programu huria za kompyuta, ambazo mtu yeyote aweza kuzipata bila malipo, kuyasoma maagizo yake na kuyarekebisha. Makala haya yanaeleza jinsi programu hizo zilivyojengwa na mikono mingi, na kitu kimoja ambacho haziwezi kujitengenezea.

Mawimbi ndani ya wimbi

Maji hupwa na kujaa kwa sababu mwezi na jua huyavuta. Kwa kuwa mwendo wa mwezi, jua na dunia unafahamika vizuri, mvuto huo waweza kugawanywa katika mawimbi mengi mepesi, kila moja likiwa na muda wake maalumu. Wimbi kuu la mwezi hurudia kila baada ya saa 12 na dakika 25. Wimbi kuu la jua hurudia kila baada ya saa 12 kamili. Yako mengine yatokanayo na mwezi kusogea karibu na dunia au kwenda mbali nayo, na mengine yanayorudia mara moja tu kwa siku.

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kosaini aweza kuifuata hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Katika bandari ya Zanzibar, kimo cha wimbi kuu la mwezi, kikipimwa kutoka usawa wa wastani, ni meta 1.2 hivi, na cha wimbi kuu la jua ni meta 0.6 hivi. Mawimbi haya yakipanda pamoja, kimo huwa meta 1.8 juu ya wastani, na saa sita baadaye meta 1.8 chini yake. Tofauti ya meta 3.6 ndiyo bamvua. Yakipingana, kinachobaki ni meta 0.6 juu na meta 0.6 chini, yaani tofauti ya meta 1.2. Hayo ndiyo maji mafu. Hali hizi mbili hupokezana, na bamvua hurudi kila baada ya siku 14.8 hivi. Hesabu hii yathibitisha maarifa ya nahodha na kuyapa tarakimu.

Kutoka mashine ya magurudumu hadi programu huria

Kujumlisha mawimbi mawili ni kazi nyepesi. Kujumlisha makumi ya mawimbi kwa kila saa ya mwaka ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi. Kila kapi ilipanda na kushuka kwa muda wa wimbi moja, na uzi mmoja uliopita katika kapi zote ulijumlisha miendo yao. Kwa mashine za namna hiyo, Arthur Doodson alikokotoa huko Liverpool saa za maji zilizotumiwa na majeshi yaliyotua Normandy, Ufaransa, mwezi wa Juni 1944.

Kompyuta zilichukua nafasi ya magurudumu. Mwaka 1977 Michael Foreman wa Kanada alitoa programu zake kwa lugha ya FORTRAN, pamoja na maelezo kamili. Mwaka 2002 Rich Pawlowicz, Bob Beardsley na Steve Lentz waliifanya kazi hiyo upya kwa lugha ya MATLAB, wakaongeza njia ya kukadiria makosa. Mwaka 2011 Daniel Codiga wa Marekani alitoa programu ya UTide, iwezayo kushughulikia vipimo vilivyochukuliwa kwa nyakati zisizolingana. Lakini MATLAB huuzwa. Kwa hiyo shule isiyo na fedha ilibaki nje ya mlango hata kama programu yenyewe ilitolewa bure. Wengine waliiandika UTide upya kwa lugha ya Python, isiyolipiwa, na kizuizi hicho kikaondoka. Ieleweke kuwa hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanza na ukurasa mtupu. Kila mmoja aliweza kuongeza lake kwa sababu aliyemtangulia hakuificha kazi yake.

Jembe bila shamba

Hata hivyo, programu ya namna hii pekee ni kama jembe bila shamba. Muda wa kila wimbi ni uleule duniani kote, lakini kimo chake, na saa linapofika kileleni, hutegemea kina cha bahari na umbo la pwani ya mahali. Tarakimu hizi mbili hazipatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kupima.

Ugumu huu unaonekana wazi katika XTide, programu huria ya Mmarekani David Flater. Programu yenyewe yaweza kunakiliwa na kila mtu. Tarakimu za bandari za Marekani nazo ni mali ya umma. Lakini tarakimu za nchi nyingine nyingi zimefungwa na haki za wenyewe, hata ikabidi ziwekwe katika faili la pembeni lenye masharti. Hivyo programu yaweza kuwa huria, na bandari ya mtu isiwemo.

Zanzibar ina bahati njema. Chombo cha kupimia kimo cha maji kilichopo bandarini kimetoa kumbukumbu tangu mwaka 1984, na vipimo vyake vya kila saa hutolewa bure na kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Urefu wa kumbukumbu hizo una maana, kwa kuwa njia ya mwezi angani hubadilika polepole na kurudia hali yake kila baada ya miaka 18.6.

Kumbukumbu hizo zina faida nyingine. Wimbi la tsunami la tarehe 26 Desemba 2004 lilipofika Afrika Mashariki, lilichanganyika na kupwa na kujaa kwa kawaida. Kwa kutoa kimo kilichotabiriwa katika kimo kilichopimwa, wataalamu huliona wimbi hilo peke yake.

Ardhi nayo hupanda na kushuka

Mwanafunzi wa Lusu asidhani kuwa habari hizi ni za watu wa pwani tu. Mvuto uleule wa mwezi na jua huinua hata ardhi ngumu. Karibu na ikweta, ilipo Lusu, ardhi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti yaweza kufikia sentimeta 40 hivi wakati wa bamvua. Hakuna aionaye, kwa kuwa nyumba, miti na vilima vyote huenda pamoja. Wapimaji watumiao setilaiti kwa usahihi mkubwa hulazimika kuiondoa katika hesabu zao, nao wana programu huria za kazi hiyo.

Shule yenye kompyuta moja yaweza kufanya jaribio lifuatalo. Vichukuliwe vipimo vya Zanzibar vya mwaka mmoja, yaani tarakimu 8,760. UTide ipewe miezi 11 ya kwanza, kisha itabiri mwezi wa 12. Utabiri ulinganishwe na vipimo halisi. Tofauti itakayobaki itatokana kwa sehemu kubwa na upepo na kanieneo ya hewa, ambavyo mwezi hauvitawali. Matokeo hayo ni ya kujifunzia. Mwenye chombo baharini hana budi kufuata majedwali rasmi ya bandari.

Bado ziko diko nyingi za wavuvi zisizo na chombo cha kupimia. Mti uliochorwa sentimeta, ukisimikwa imara mahali ambapo maji hayaishi hata yakipwa, na ukisomwa kila saa, usiku na mchana, kwa siku 30, hutoa tarakimu za mawimbi makuu ya mahali hapo. Kazi hiyo yahitaji zamu za watu wavumilivu, saa iliyo sahihi na daftari. Hesabu itakayofuata yaweza kufanyika Lusu.