Wastani Haupikwi Ugali

Mkulima akichagua mbegu huuliza, "Ipi inazaa zaidi?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Inafaa pia kuuliza, "Mvua ikikataa, nitabaki na nini?" Leo tutajifunza hesabu mbili za kujibu maswali hayo. Haya, chukua daftari na kalamu.

Tutumie mfano wa Dodoma. Huko mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haitoshi. Tuseme katika miaka 10, miaka 6 ni ya mvua nzuri, miaka 2 ni ya mvua kiasi, na miaka 2 ni ya ukame. Tuseme pia ekari moja inatoa magunia haya:

Mahindi: mvua nzuri 9, mvua kiasi 3, ukame 0.
Mtama: mvua nzuri 6, mvua kiasi 4, ukame 3.

Hesabu ya kwanza ni wastani. Zidisha magunia kwa idadi ya miaka yake, jumlisha, kisha gawanya kwa 10.

Mahindi: (9 × 6) + (3 × 2) + (0 × 2) = 60. Wastani ni magunia 6.
Mtama: (6 × 6) + (4 × 2) + (3 × 2) = 50. Wastani ni magunia 5.

Mtu akiishia hapo atasema mahindi yameshinda. Lakini hebu tazama tena. Hakuna mwaka hata mmoja uliotoa magunia 6 ya mahindi. Ni 9, au 3, au hakuna kitu.

Hesabu ya pili ni mtawanyiko, yaani mavuno yanakwenda mbali kiasi gani na wastani. Tafuta tofauti ya kila mavuno na wastani, halafu fanya kama mwanzo.

Mahindi: (3 × 6) + (3 × 2) + (6 × 2) = 36. Gawanya kwa 10, unapata 3.6.
Mtama: (1 × 6) + (1 × 2) + (2 × 2) = 12. Gawanya kwa 10, unapata 1.2.

Basi mahindi yanayumba mara tatu kuliko mtama. Sababu ipo. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, punje hazishiki. Mtama una mizizi inayokwenda chini na majani yenye nta. Jua likizidi hutulia, mvua ikirudi huendelea.

Sasa fikiria nyumba inayokula magunia 4 kwa mwaka. Ukame ukija, mwenye mtama anatafuta gunia 1. Mwenye mahindi anatafuta yote 4, hata mbuzi watauzwa. Na miaka ya ukame haiji kwa zamu; miwili inaweza kufuatana.

Hatusemi tuache mahindi. Mwenye akiba ghalani anaweza kuyangoja. Asiye na akiba atangulize mtama.

Zoezi: Mkulima amepanda nusu ekari mahindi na nusu ekari mtama. Tafuta wastani wake, na mavuno yake ya mwaka wa ukame. (Jibu: magunia 5 na nusu, gunia 1 na nusu.) Kisha andika mavuno ya shamba lako ya miaka unayoikumbuka, upige hesabu hizi pamoja na wenzako.